Nati ya Toyota haifungi Subaru

Weka nati mbili za tairi kiganjani, moja ya Toyota na nyingine ya Subaru. Zilizotoka kiwandani utazitofautisha kwa kichwa, maana ya Toyota huwa ya spana namba 21 na ya Subaru namba 19. Zile za dukani, nyeusi au za kung'aa, zinazouzwa pamoja na rimu za spoti, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Zote zinaingia kwenye stadi, ile boliti inayotokeza kwenye habu, ya milimita 12. Tofauti imejificha ndani, kwenye meno: kwa Toyota, toka jino hadi jino ni milimita 1.5, kwa Subaru ni 1.25. Ukianza kuifunga nati ya Toyota kwenye stadi ya Subaru, inaingia mzunguko mmoja, pengine miwili, kisha inagoma. Fundi mwenye haraka anadhani ni kutu. Anachukua mashine ya upepo, mashine inalia, nati inazama hadi mwisho, na kazi inaonekana imeisha. Kumbe nati imeng'ang'ania vyuma vilivyopondeka, rimu yenyewe haijabanwa, na siku ya kuitoa itatoka na stadi yake.

Nimeanza na nati kwa sababu raha ya kumiliki gari la kawaida, lililotoka Japani likiwa na miaka yake, imekaa kwenye vipimo vidogo vya namna hii. Si lazima uwe na turbo kubwa wala rangi ya kuagiza. Ukijua gari lako linataka nini, kwa kipimo gani, ukaliwekea kitu kidogo kinacholifaa, utaisikia tofauti kila asubuhi unapolitoa nyumbani. Na watu wa kukufundisha vipimo hivyo mara nyingi si wauzaji. Ni wenye magari kama lako, mkikutana Jumapili asubuhi boneti zikiwa wazi.

Nitazungumzia Subaru Forester, kwa kuwa zimejaa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na kwa kuwa ni gari linaloadhibu haraka anayebahatisha. Forester tunazoziona zaidi ni SG, iliyotengenezwa kuanzia 2002, na SH, iliyokuja mwishoni mwa 2007. Namba ya chesesi inaanza na herufi hizo hizo: SG5 na SH5 ni za injini ya lita 2.0. Kabla hujapokea ushauri wowote wa Forester, uliza kwanza unahusu kizazi kipi. Nyuma SG imekaa kwenye shokapu za aina ya strati, wakati SH ina mikono miwili, wa juu na wa chini. Shokapu ya nyuma ya moja haiingii kwenye nyingine, hata muuzaji akikuapia. SH za mwanzo zina injini ya EJ20, ambayo mhimili wake wa kemu unaendeshwa na mkanda wa taimingi. Kuanzia mwishoni mwa 2010 SH zisizo na turbo zilianza kutoka na FB20, yenye mnyororo. Mkanda wa EJ unabadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na roli zake na, kwa busara, pampu ya maji, kwa sababu vyote vinafikiwa kwa kazi ile ile moja. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugongana na pistoni. Gari la mnada lenye kilomita 98,000 kwenye dashibodi lisikupe usingizi kwa kuwa tu halijafika laki. Mpira huzeeka kwa miaka pia.

Hapo ndipo maboresho yanapoanzia, penye kurudisha kilichochoka, kabla ya kuongeza kitu kipya. Forester yenye gia ya otomatiki ya hatua nne ina oili ya gia boksi na oili ya difu ya mbele katika vyumba viwili tofauti, kila kimoja na kijiti chake cha kupimia, ingawa kwa nje linaonekana boksi moja. Wengi hubadilisha ya kwanza na kuisahau ya pili kwa miaka kumi. Difu ya mbele inachukua lita 1.2 za 75W-90 zenye alama ya GL-5, ya nyuma lita 0.8. Ni lita mbili tu kwa jumla, na wakati mwingine ule mvumo unaosikika gari likishika kilomita 60 kwa saa hupungua. Kosa linalofanyika hapa ni la hatari kidogo: fundi asiyeizoea Subaru hulala chini kubadili oili ya injini, akafungua boliti ya gia boksi badala ya ile ya sampu ya injini, kisha akaongeza lita nne juu ya oili ya injini ambayo haijatoka. Simama naye. Oili nyekundu ikimwagika, mwambie asimame hapo hapo.

Difu ya nyuma ina sharti jingine linaloihusu difu yoyote: fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma baada ya oili kumwagika, gari halitoki hapo.

Mfumo wa kupoza nao unahitaji utulivu. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, na hewa hupenda kujificha ndani yake. Ukibadilisha kulanti ukafunga mfuniko na kuondoka, gari linaweza kuchemsha kesho kwenye foleni ya Ubungo huku rejeta ikiwa imejaa. Jaza polepole, acha injini izunguke mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la mwisho, bana kwa mkono lile bomba kubwa la juu mara kadhaa, ongeza kila kiwango kinaposhuka, na usifunge mpaka feni iwe imewaka na kuzima mara mbili na mapovu yameisha. Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, kagua tena. Nunua na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari kupitia simu. SG nyingi za soko la Japani hazielewani na vile vya bei rahisi, ila SH kwa kawaida huitikia. Faida yake ni moja kubwa: mshale wa joto wa kiwandani hukaa katikati kwa muda mrefu hata joto likiwa linapanda, na ukija kuondoka hapo umeshachelewa. Namba haifichi. Injini iliyopata moto wake inatembea kati ya nyuzi 85 na 95 hivi. Ukiona 103 na mshale bado umetulia, zima kiyoyozi na utafute pa kusimama.

Turudi kwenye rimu, maana huko ndiko pesa nyingi hupotelea. SG na SH hizi za kawaida zina matundu matano kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati, linalokaa kwenye habu, ni milimita 56.1. Muuzaji akisema "ni tano kwa mia, inaingia", amekupa nusu ya habari. Rimu za Toyota za tano kwa mia zina tundu la katikati la 54.1. Ni milimita mbili tu zinazopungua, na hazivuki habu ya Subaru mpaka mtu azipeleke kwa fundi wa kukereza. Rimu za Volkswagen zina 57.1, kwa hiyo zinavuka, lakini zinabaki zikining'inia kwenye nati peke yake, na usukani unaweza kutetemeka ukifika 90 au 100. Tiba yake ni pete nyembamba ya kujazia nafasi hiyo. Hata hivyo, rimu ya Volkswagen ya kiwandani imechongwa kupokea boliti yenye mabega ya mviringo kama mpira, na nati ya Subaru ina mabega ya koni. Vikikutana, vinagusana kwenye mstari mwembamba tu, na nati hulegea yenyewe barabarani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, weka nati yako kwenye tundu la rimu, izungushe kwa vidole, uitoe uangalie imegusa wapi. Alama inatakiwa iwe pana na izunguke pande zote.

Kuna na namba inayoandikwa ET nyuma ya rimu, milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Ya kiwandani kwa Forester hizi ni 48 hivi. Ukichukua yenye 35 kwa upana ule ule, kila tairi linatoka nje kwa milimita 13. Linapendeza, sikatai. Lakini beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unavutwa na kila shimo, na ukijaza watu watano, tairi la nyuma litasugua madigadi.

Tairi la Forester lina sheria ambayo gari la kuvuta magurudumu mawili halina. Magurudumu yote manne yanasukuma, na katikati kuna klachi au difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi moja likiwa dogo kuliko mengine linazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na kile cha katikati kinalazimika kuteleza bila kupumzika, kilomita baada ya kilomita, mpaka kiungue. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi takriban milimita 6, ambayo kwa kina cha kashata, yale meno ya tairi, ni milimita moja tu. Ndiyo maana kununua matairi mawili mapya na kuacha mawili ya zamani, jambo la kawaida kabisa kwa mwenye IST au Vitz, kunaiumiza Forester. Utaijua iliyoumia: kata usukani hadi mwisho ukiwa unatoka kwenye maegesho, uisikie inajikaza na kurukaruka kama imepigwa breki ya mkono. Ukilazimika kutembea na spea isiyolingana, gari nyingi za gia ile ya hatua nne zina kisanduku kidogo kilichoandikwa FWD ndani ya boneti. Chomeka fyuzi humo na nguvu ya nyuma inaachiwa mpaka ufike kwa fundi wa matairi.

Ukubwa nao unahesabika kwa karatasi na kalamu. SH nyingi zinavaa 215/65R16: inchi 16 ni milimita 406.4, ukuta ni asilimia 65 ya 215, mara mbili, jumla inakuja milimita 686 za kipenyo. Zenye rimu ya 17 zinavaa 225/55R17, ambayo ni 679. Karibu sawa. Anayetaka kimo kidogo cha ziada kwa barabara za vumbi akavaa 225/60R17 anapata 702, yaani gari linapanda milimita 8 na spidomita inasoma pungufu kwa asilimia 2 na ushee. Kwenye 50 ya vijijini, na tochi ya trafiki ikiwa chini ya mwembe, asilimia mbili si nyingi, ila uijue. Upepo soma kwenye stika ya mlangoni. Imeandikwa kwa kilopaskali, na pampu za vituo vyetu zinasoma kwa paundi: 230 ni paundi 33.

Sasa uchezaji wa gari. Kitu kimoja kinachoibadilisha Forester kwa pesa ndogo kuliko vyote ni stebilaiza ya nyuma, ile nondo iliyopinda inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Forester ni ndefu kwa kimo, na ukiikata kona inalala. Ugumu wa nondo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo ukitoka milimita 16 kwenda 19, ongezeko la milimita tatu tu, ugumu unakaribia kuwa mara mbili. Pima ya kwako kwa kalipa kabla ya kutafuta nyingine kwenye maduka ya mtumba ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, na usinunue bila bushi za kipenyo kipya, kwa sababu bushi ya 16 kwenye nondo ya 19 itapasuka na ile ya 20 itagonga. Kazi yenyewe ni boliti nne za vishikio na linki mbili. Pakaza bushi grisi ya silikoni. Ya kawaida, ile ya mafuta ya petroli, inazilainisha mpaka zivimbe.

Kuna jambo la mpira ambalo gereji nyingi hulikosea, na linaihusu kila bushi ya mikono ya chini ya gari lolote. Bushi imegundishwa ndani na nje. Mpira haukusudiwi kuteleza, unajisokota gari linapopanda na kushuka. Ukiikaza boliti yake gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, umeufunga mpira katika hali ya kuning'inia. Ukilishusha gari chini, bushi tayari imesokotwa kabla hujatembea hata mita moja. Inapasuka ndani ya miezi, na mteja anaambiwa ni spea feki. Utaratibu sahihi ni kuzishika boliti kwa mkono tu, kulishusha gari likae kwa uzito wake, kulisukuma juu chini mara tatu nne, halafu fundi anaingia chini ya rampu au shimoni na kukaza hapo. Ni dakika kumi za ziada. Mlipe hizo dakika kumi.

Wanaotaka kuinua gari kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo, nawashauri waishie milimita 25. Ikifika 50, pembe za ekseli zinakuwa kali, buti za CV joint, viungo vya ekseli, zinakatika, na alaimenti hairudi ndani ya vipimo bila kushusha na fremu ndogo za chini. Nyingine ni hii: baadhi ya Forester zilitoka na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe mzigo ukiongezeka. Zikifa, gari linakaa kama paka anayetaka kuruka, mkia chini. Nyingi hubadilishiwa shokapu za kawaida, na bado linabaki limekaa chini. Sababu ni springi. Zile za mfumo ule ni laini, kwa kuwa shokapu ilikuwa inasaidia kubeba. Ukihama, hama na springi zake.

Taa ningeziweka mbele ya mambo mengi. Polikaboneti ya kioo cha taa inalindwa na ngozi nyembamba dhidi ya jua. Ngozi hiyo ikishaungua kwa jua la pwani, kioo kinakuwa cha njano na mwanga unazama humo humo. Ziba kingo za rangi kwa masking tepu, tabaka mbili. Anza na msasa wa maji namba 800, sugua kwa mistari ya kulala mpaka njano yote itoke na maji yanayotiririka yawe meupe; ukiacha madoa ya njano hapa hayatatoka tena huko mbele. Fuata na 1500 kwa mistari ya kusimama, kisha 2000, kisha 3000. Kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na kubadili mwelekeo kunakuonyesha kama imefuta kweli. Kioo kitabaki kama kimepigwa ukungu, usiogope. Futa kwa spiriti, acha kikauke, kisha piga klia yenye kinga ya jua, tabaka mbili nyembamba, kivulini, pasipo na vumbi. Wanaoishia kwenye kompaundi ya kung'arisha au dawa ya meno wanapata kioo kizuri kwa picha, na baada ya miezi michache njano inarudi, maana ngozi iliyolinda kioo wameiondoa na hawakuweka nyingine.

Ukinunua taa nzima ya mtumba, uliza imetoka wapi. Zinazoletwa kutoka Dubai nyingi zimetoka kwenye magari ya usukani wa kushoto, ambako wanaendesha kulia. Mwanga wake unanyanyuka upande wa kulia, na kwetu upande huo ndiko anakotoka mwenzako. Simamisha gari mita tano kutoka ukutani usiku, uangalie mstari wa mwanga umeinuka upande gani: kwetu uinuke kushoto. Ukuta huo huo utakuambia ukweli kuhusu balbu za LED. Taa iliyoundwa kwa balbu ya waya inategemea mwanga utoke kwenye nukta moja kamili. LED isiyokaa hapo inamwaga mwanga kila mahali, na mstari unapotea. Usiku utahisi unaona vizuri kwa kuwa mita kumi za mbele zinawaka sana, huku mbali, anakovuka mtu, pamefifia.

Taa za ziada za bampa zifunge kwa relei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Taa mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 na ushee, kwa hiyo fyuzi ya 15, waya wa milimita mraba 2.5, na fyuzi yenyewe iwe karibu na betri, ndani ya shubiri moja. Namba 30 ya relei inatoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 86 kwenye swichi, 85 bodi. Ukipitisha umeme wa taa moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi, swichi itapata moto mpaka plastiki inuke.

Redio ya Kijapani inashika masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu zinaanza 88 na kwenda hadi 108. Kile kiongezi cha masafa kinasaidia, ila kinafifisha sauti na kuzibananisha stesheni. Ukibadilisha redio, tundu la Subaru ni upana wa milimita 180, wakati redio nyingi zilizoko madukani zimekatwa 200 kwa ajili ya Toyota. Waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa funguo. Vikipishana, redio inasahau saa na stesheni kila ukizima, na betri inanyonywa usiku kucha.

Kwa wenye SG, kitu kidogo kuliko vyote: milango yake haina fremu ya kioo. Funga mlango kwa kushika bati, usisukume kioo. Ule upepo unaopiga filimbi ukifika 80 mara nyingi ni mpira uliokauka. Ufute kwa maji ya sabuni, ukikauka upake grisi ya silikoni kwa kidole, mlango mzima mpaka kwenye kona ya juu karibu na kioo cha pembeni. Kesho yake gari litakuwa kimya kwa namna utakayoishangaa.

Yote haya yanajifunza haraka zaidi mnapokutana. Mtu mwenye Forester moja hajui mlio wa kawaida ni upi. Magari kumi ya injini moja yakisimama kwa mstari, kila moja likawashwa likiwa baridi, sikio linafunguka: utaisikia pistoni inayogonga dakika mbili za mwanzo kisha ikatulia, utaisikia roli ya mkanda inayolia, na utajua ya kwako iko wapi. Ule mngurumo wa Subaru unaopendwa sana nao utaeleweka hapo. Unatokana na mabomba ya manifoldi yasiyolingana urefu, moshi wa upande mmoja unasafiri njia ndefu kuliko wa pili. Injini yenye mabomba yanayolingana haitatoa sauti ile hata ukilifungia bomba kubwa kama la lori, itapiga kelele tu. Msikilize wa jirani kabla hujakata ekzosi yako.

Omba kukaa kwenye gari lililofungwa kile unachokitaka. Dakika tano ndani ya Forester yenye springi ngumu, kwenye barabara ya matuta, zinaokoa pesa nyingi. Agizeni pamoja vitu vinavyofanana, filta, plagi, mikanda, kwa namba ya spea iliyotafutwa kwa namba ya chesesi, maana gasketi ya SH5 ya 2008 na ya 2011 ni ndugu wasiofanana. Na adabu ya mahali ina uzito wake. Pata ruhusa ya mwenye eneo. Usiguse gari la mtu kabla ya kuomba, usifungue mfuniko wa rejeta ya mtu kabisa. Anayekanyaga mafuta gari limesimama, au kuondoka kwa kuchoma tairi, ndiye anayewafanya wenzake wakose pa kukutania mwezi ujao.

Mapenzi haya ya Subaru hayakuanza mitandaoni. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda na Subaru mwaka 2000, na Patrick Njiru alikuwa ameshawafanya watoto wengi wa Kenya waijue nembo ya nyota zile. Safari ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002 na kurudi 2021, makao yakiwa Naivasha, na tangu hapo msafara wa kwenda huko umekuwa mkutano wenyewe. Anayetoka Tanzania kupitia Namanga aandae kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima. Na asishtuke Forester isiyo na turbo ikichoka: Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini iliyozoea Kigamboni inapoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake. Haijaharibika.

Msafara wa kawaida zaidi ni Dar kwenda Morogoro. Jazeni mafuta kabla ya kukutana. Mgeni wa barabara, au mwenye gari dogo, akae nafasi ya pili nyuma ya kiongozi, maana wa mwisho ndiye hulazimika kukimbia ili kuwafikia walio mbele. Anayefunga msafara awe mzoefu, na awe na vifaa. Msiwashe hazadi mkiwa mnatembea, zinaficha indiketa. Gari geni likiingia kati, liacheni. Sekunde tatu kati ya gari na gari, na mahali pa kukutania pawe pamekubaliwa, ili mtu asipitishe taa nyekundu kwa kuogopa kuachwa.

Chalinze ni kama kilomita 100, mahali pazuri pa kusimama, na hasa kwa yeyote aliyefunga rimu mpya wiki hiyo. Rangi na grisi kati ya rimu na habu hujibana kwa kilomita za mwanzo, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi inaweza kuwa imeachia kidogo. Acheni matairi yapoe kwanza, watu wanywe chai. Kisha mwenye toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, aiweke kwenye nyutoni mita 100, aanze na nati ya juu, aende ya upande wa pili kwa mtindo wa nyota, polepole, bila kuruka na kukanyaga. Spana ikisema "ka" kabla nati haijasogea, hiyo iko sawa. Ikisogea robo mzunguko kabla ya kusema, itoe kabisa muiangalie mabega na meno yake, halafu mpitie na zile kumi na tisa zilizobaki.